Mkatae mtuma taka kabla hajafungua barua

Kama unaendesha seva yako ya barua pepe, usianze vita dhidi ya barua taka kwa kuchambua maneno yaliyomo ndani. Anza na anayepiga hodi. Katika miaka yangu ya kusimamia Postfix (programu ya seva ya barua pepe) ya ofisini, uchafu mwingi umeishia kwenye muunganisho wenyewe, kabla seva haijapokea hata mstari mmoja wa barua.

Fungua logi, yaani kumbukumbu za seva, utazame. Utakuta mistari ya namna hii:

connect from unknown[203.0.113.25]

Neno unknown halikuja bure. Seva yako imeiuliza DNS, daftari la majina na anwani za intaneti: anwani hii ya IP ina jina gani? Jibu hutoka kwenye rekodi ya PTR. Kisha ikauliza kinyume chake: je, jina hilo linarudi kwenye anwani ileile? Jibu likikosekana, au majibu hayo mawili yakipishana, Postfix huandika unknown. Kompyuta zilizoambukizwa, zinazotumika kumwaga taka bila wenyewe kujua, mara nyingi hunaswa hapo.

Wengi hukimbilia sheria ya Postfix iitwayo reject_unknown_client_hostname. Nakusihi uiache. Inamkataa hata mwenye PTR ambaye jina lake halirudi sawasawa, na huku kwetu hao wapo na ni watu halali kabisa: shule, zahanati, ofisi ndogo ambazo seva yao iko kwenye laini ya kampuni ya intaneti, na PTR ni ya kampuni, si yao. Tumia reject_unknown_reverse_client_hostname, inayomgusa tu asiye na PTR kabisa.

Hata hiyo usiiwashe moja kwa moja. Itangulizie warn_if_reject, ili seva iandike nani angekataliwa bila kumkataa. Soma logi kila asubuhi kwa wiki kadhaa. Kwetu alijitokeza muuza vifaa anayetuletea ankara kila mwisho wa mwezi. Nilimwekea ruhusa kwenye check_client_access, kisha nikampigia simu fundi wao tukaongea. Bila hatua hiyo, mhasibu wetu angesubiri ankara isiyofika.

Mpangilio nao una uzito: permit_mynetworks (inayoruhusu mtandao wako mwenyewe) na permit_sasl_authenticated (inayoruhusu waliojitambulisha kwa nywila) zitangulie. Mfanyakazi anayetuma kwa simu akiwa safarini anatumia anwani ya mtandao wa simu, na hawezi kulaumiwa kwa PTR yake. Msimbo wa kukataa uache ulivyo, 450, yaani kukataa kwa muda. Seva ya kweli itarudi kujaribu tena, nawe utapata nafasi ya kurekebisha. Programu nyingi za taka hazirudi.

Ukiongeza orodha ya Spamhaus, shirika linaloorodhesha anwani za watuma taka, angalia seva yako inaulizia DNS wapi. Ukipitia 8.8.8.8 ya Google, Spamhaus hawakupi jibu la kawaida, hurudisha 127.255.255.254, yaani kosa. Seva isiyopangwa vizuri hudhani hilo ni jibu la “huyu ni mtuma taka” na kukataa barua za dunia nzima. Weka unbound, programu ya kuulizia DNS bila kupitia Google, kwenye seva yenyewe, kisha andika zen.spamhaus.org=127.0.0.[2..11] ili majibu halisi tu ndiyo yahesabike.

Postfix kuanzia toleo la 2.8 ina postscreen pia, na mimi naipenda sana. Inamchelewesha mgeni kwa sekunde 6 kabla ya kumaliza salamu. Seva yenye adabu husubiri. Programu ya taka, kwa haraka yake, huanza kusema kabla haijaruhusiwa, na hapo inajifichua.

Halafu jipime na wewe. Andika dig -x ikifuatiwa na anwani yako ya IP. Gmail huwadai watumaji PTR inayolingana, hivyo ikikosekana barua zako ndizo zitakazokwama. Tengeneza kwanza rekodi ya A (inayoelekeza jina kwenye anwani ya IP) ya jina la seva, kisha mwandikie mtoa huduma wako wa intaneti, umtajie anwani ya IP na jina hilo kamili, na umwombe aweke PTR.