Jibu: Kwa nini kitosani yenye sumaku inaachia urani kwenye asidi kali

Ndugu yangu wa Iyunga, umeuliza kwa nini unga wa kitosani (dutu itokanayo na maganda ya kamba na kaa) wenye chembe za magnetaiti, yaani oksidi ya chuma yenye sumaku, unashika urani iliyo kwenye maji vizuri pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) ikiwa 5, lakini ikishuka hadi 1 unaiachia. Hapo umegusa penyewe.

Kwenye asidi, urani hutembea kama ioni (chembe yenye chaji) ya uranili, yenye chaji chanya. Vikundi vya amino vya kitosani, yaani sehemu zake zenye nitrojeni, ndivyo huidaka, ila asidi ikizidi vinajaa protoni (chembe chanya zitokazo kwenye asidi), navyo vinakuwa chanya. Basi vinasukumana na uranili. Jionee kwa mrututu, ile chumvi ya shaba ya bluu wanayopulizia kahawa kule Mbozi: ukivitia vipande vya kitosani kwenye maji yake vinageuka bluu, ukidondoshea asidi bluu inatoka. Mimi nililielewa siku hiyo, si kwenye grafu.

Magnetaiti nayo huyeyuka kwenye asidi kali. Maji yakianza umanjano, ni chuma kinakwenda. Ivike silika (dutu ya mchanga na kioo) kwanza, kisha pandikiza vikundi vya fosfonati, yaani vyenye fosforasi, maana hivyo hushika hata kwenye asidi kali. Kitosani uifunge kwa glutaraldehaidi, kemikali inayounganisha minyororo yake, la sivyo asidi ya haidrokloriki itaiyeyusha yote.

Na tafadhali, urani yenyewe usiiguse nje ya maabara yenye kibali.