Ngozi inaungua pembeni ya stoma

SWALI: Poleni na kazi. Mama yangu alipasuliwa miezi miwili iliyopita, akatolewa utumbo mdogo nje ya tumbo, choo kinaingia kwenye mfuko. Sasa ngozi imechubuka, inatoa majimaji, na mfuko unabanduka kila siku. Tunamsafisha kwa spiriti kisha tunampaka mafuta ya mgando. Tufanyeje? – Msomaji, Makambako

JIBU: Pole kwa kuuguza. Mafuta na spiriti acheni leo hii. Gundi haishiki penye mafuta, na spiriti inazidi kumchoma. Kinachomuunguza ni choo chenyewe: kikitoka utumbo mdogo ni chepesi na bado kina vimeng'enya vya kusaga chakula, kwa hiyo kikituama kwenye ngozi kinaila.

Tunachoshuku zaidi ni tundu la kibandiko, yaani ile sehemu yenye gundi inayoshikiza mfuko kwenye ngozi. Baada ya upasuaji stoma (ile sehemu ya utumbo iliyotolewa nje ya tumbo) huwa imevimba, kisha husinyaa kwa wiki 6 hadi 8. Kama bado mnakata kwa kipimo cha wodini, kuna ngozi inabaki wazi kuizunguka. Pimeni upya, mkate kwa kufuata umbo lake, tundu liizidi stoma kwa milimita 2 hadi 3 tu.

Badilisheni asubuhi kabla hajanywa chai, choo kikiwa kidogo. Bandueni taratibu kuanzia juu, mkono mwingine ukishikilia ngozi. Maji ya uvuguvugu matupu yanatosha. Kausheni kwa kugusagusa na kitambaa laini, bila kusugua. Tone la damu kwenye stoma lisiwatishe. Palipochubuka nyunyizieni poda ya stoma (ya mtoto haifai), mpanguse inayozidi. Kwa baridi ya huko Juni na Julai gundi hukakamaa, hivyo mama akipashe kibandiko kwapani dakika chache, na mkishabandika akikandamize kwa kiganja dakika 1 hadi 2.

Mfuko ukifika theluthi, mwageni, maana uzito ndio unaoubandua. Kibandiko hukaa siku 3 hadi 4, lakini akisikia mwasho au kuungua, kitoeni hapo hapo. Msiongeze plasta juu ya panapovuja! Mnakifungia choo ndani.

Vipele vyekundu vinavyowasha na kusambaa huenda ni fangasi. Muuguzi akivithibitisha, ombeni dawa ya poda, kwa sababu krimu itazuia gundi. Stoma ikigeuka zambarau au nyeusi, au choo kikizidi lita 1.5 kwa siku huku mama akisikia kizunguzungu na mkojo ukipungua, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.