Jodari kwa mjamzito: asiache samaki, achague

Kaka, umeuliza kama shemeji, mimba ya miezi minne, aache jodari wa feri hapa Mtwara kwa sababu ya zebaki, ile metali yenye sumu. Asiache samaki, abadilishe aina tu.

Zebaki hupanda kwa kuliwa: dagaa anayo kidogo, anayemla dagaa anayo zaidi, na mkubwa aliyeishi miaka mingi ndiye ghala lenyewe. Kwa hiyo papa, sulisuli na jodari wale wakubwa wenye macho makubwa aachane nao mpaka anyonyeshe amalize, maana zebaki hugusa ubongo wa mtoto. Jodari wadogo, wale wenye mistari tumboni, wana nafuu kubwa. Dagaa na vibua ale kwa raha, mara mbili tatu kwa wiki. Kuchemsha, kukaanga au kukamulia ndimu hakupunguzi kitu, zebaki imeshika kwenye mnofu wenyewe.

Ila mimi jodari amenitesa kwa jambo jingine kabisa: kukosa barafu. Nilinunua kipande Mikindani saa nane mchana, kimelala juu ya meza bila barafu. Kwenye mchuzi wa nazi kikawasha ulimi kama pilipili, na pilipili sikutia! Nusu saa uso mwekundu, kichwa kinagonga. Ile ni histamini, kemikali inayowasha mwili, huzaliwa samaki akikaa kwenye joto, na moto hauiondoi. Kwa hiyo mwahi asubuhi boti zikishusha, na ndoo ya barafu uende nayo mwenyewe.