Filamu za Ndege za Mabomu: Fuata Viti, Achana na Sura

Msomaji mmoja ametuandikia kwamba ameangalia Memphis Belle ya 1990 mpaka mwisho na bado hajui nani kajeruhiwa na nani kapona. Hana kosa. Ndege ikishapita mita 3,000, vijana kumi wanavaa barakoa za oksijeni, kofia za ngozi na miwani, na wote wanafanana. Dawa ni kuacha kufuata sura, ufuate viti. Ndani ya B-17, ndege ya mabomu ya Wamarekani ya Vita vya Pili vya Dunia, kila mtu ana mahali pake, na mahali hapo ndipo panapoamua kitakachompata.

Anza puani. Mbele kabisa, nyuma ya kioo, yupo mlenga mabomu; nyuma yake kidogo yupo mwongoza njia na meza ya ramani. Juu yao rubani kushoto, msaidizi wake kulia. Mgongoni mwa hao wawili anasimama fundi wa ndege: wakati wa kupaa anasoma geji za injini nne, wakati wa vita anapanda kwenye kibanda cha bunduki cha paani. Kisha chumba cha mabomu, kinachovukwa kwa kijia chembamba ambacho mguu mmoja unatosha, miwili haikai sambamba. Baada yake mtu wa redio, mtu wa tufe la chini (kibanda cha bunduki cha mviringo kilichoning'inia tumboni mwa ndege), wapiga bunduki wawili wa ubavuni, na wa mkiani ambaye yuko peke yake, amepiga magoti. Chora haya kwenye karatasi kabla hujabonyeza kitufe cha kuanza. Ni kazi ya dakika tano, na asiyetaka kuifanya asilalamike baadaye kwamba filamu imemchanganya.

Mtu wa tufe anastahili kuangaliwa kwa makini. Haingii humo ndege ikiwa chini. Anasubiri ipae, kisha bunduki zinaelekezwa ardhini ili mlango wake ugeukie ndani ya ndege. Anakaa amejikunja, magoti yamepanda, na parachuti yake kwa kawaida imebaki juu kwa sababu mle ndani haienei. Umeme ukikatika, wenzake wanalizungusha tufe kwa mkono mpaka mlango urudi ndani. Mtambo ukipigwa ukakwama, hatoki. Kwa hiyo dairekta akikuonyesha ufa kwenye kioo cha tufe, elewa kwamba hajaweka pambo.

Adui wa kwanza, hata hivyo, ni baridi na hewa. Kwenye mita 7,500 nyuzijoto hushuka hadi 40 chini ya sifuri, na madirisha ya ubavuni ya B-17 ya modeli ya F yalikuwa wazi vitani. Unyevu wa pumzi unaganda ndani ya barakoa na kuziba hewa, kwa hiyo mtu anaiminyaminya kuvunja barafu. Akivua glavu aguse chuma cha bunduki iliyokwama, ngozi inabaki pale. Oksijeni ikikatika, hasikii maumivu. Anachangamka kidogo, kisha ndani ya dakika chache anazimia. Ndiyo maana kila baada ya muda wanaitana mmoja mmoja kwenye intakomu, simu ya ndani ya ndege. Asiyeitikia, mwenzake anakwenda na chupa ndogo ya oksijeni ya kubeba. Filamu nyingi huwavua waigizaji barakoa ili tuwaone nyuso. Wasameheni, ila msiamini.

Intakomu ndiyo uti wa mgongo wa filamu hizi, na hapa kopi zilizosimuliwa na madijei zinatunyima mengi, kwani sauti ya msimulizi inaifunika. Mara ya kwanza angalia kopi ya asili. Wakitaja saa, soma namba iliyo kwenye uso wa saa, si saa zetu za Kiswahili: 12 ni mbele, 3 kulia, 6 mkiani. Mtasikia 12 mara nyingi kwa sababu Wajerumani waligundua kwamba pua ya B-17 za mwanzo ilikuwa na bunduki chache.

Kwenye kutupa mabomu, angalia mikono ya rubani. Kifaa cha kulengea mabomu kiitwacho Norden kimeunganishwa na mtambo unaoiendesha ndege badala ya rubani, hivyo kwa dakika hizo anayeelekeza ndege ni mlenga mabomu. Ndege inakwenda moja kwa moja, haikwepi, makombora ya mizinga ya ardhini yanapasuka kwa moshi mweusi kuizunguka. Filamu ya 1990 inapowarudisha kwa mara ya pili juu ya Bremen kwa sababu shabaha imefunikwa, vijana wengine ndani ya ndege wana haki ya kukasirika.

Injini ikipigwa, tazama propela. Rubani akiwahi, anayageuza mapanga yake yakate upepo kwa ukingo na kusimama. Kazi hiyo inategemea mafuta ya injini. Yakivuja yote, propela inazunguka hovyo, inatetemesha bawa na kuivuta ndege nyuma. Aliyeachwa na kundi ndiye anayewindwa.

Msichukue filamu kama historia. Memphis Belle halisi iliruka kutoka Bassingbourn, Uingereza, chini ya Kapteni Robert Morgan. Safari ya 25 ya vijana wake, iliyomaliza zamu yao ya vita, tarehe 17 Mei 1943, ilikuwa Lorient, Ufaransa, si Bremen, na ndege iitwayo Hell's Angels ilishafikisha 25 siku chache kabla. Tafuteni filamu ya matukio halisi ya jeshi la Marekani aliyoiongoza William Wyler, ya 1944, ya rangi na haifiki saa moja. Mpigapicha wake, Harold Tannenbaum, aliuawa wakati wa kazi hiyo.

Ukikuta watu saba na giza la usiku, hiyo kwa kawaida ni Lancaster, ndege ya mabomu ya Waingereza, na ramani inabadilika. Rubani ni mmoja tu. Anayekaa kulia kwake ni fundi wa injini, na wengi wao walifundishwa kuishika ndege iende sawa ikiwa rubani atapigwa. Kuitua ni habari nyingine.