Maswali na Majibu: Maji na Chakula Ndani ya Mmea

Mti wa mita 30 hauna pampu. Maji yanafikaje juu?

Yanavutwa kutoka juu. Maji yakitoka kama mvuke kupitia stomata, vitundu vidogo vya majani, yaliyobaki huvuta yaliyo nyuma yake kwa sababu molekuli za maji hushikana. Mvuto huo hushuka kwenye mirija ya zailemu hadi mizizini. Zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayonyonywa huishia hewani. Ndiyo maana maua ya chombo hunyauka mapema yakikatwa kwenye hewa: hewa huingia katika mirija na kukata uzi wa maji. Zamisha mashina majini, kisha punguza sentimita 2 hadi 3 za mwisho humo humo.

Nyanya zangu zimenyauka zikiwa bado kijani, na udongo una maji. Nimwagilie zaidi?

La, usimwagilie. Ng'oa mche mmoja uangalie mizizi. Ikiwa myeusi, laini, na ngozi yake inachubuka ukiivuta, maji yametuama, mizizi imekosa oksijeni na imeoza. Nafuu hapo ni mifereji ya kutoa maji au kuinua matuta.

Ikiwa mizizi bado ni mizima, shuku mnyauko bakteria. Kata kipande cha shina cha sentimita 10 karibu na udongo. Kishikilie katika glasi ya maji safi, ncha moja tu ikigusa maji, bila kutikisa. Ndani ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zikianza kushuka polepole kama moshi uliopinduka, jibu umelipata: ni bakteria pamoja na ute wao, ndio walioziba zailemu. Hakuna dawa ya kuponya mche huo. Ng'oa pamoja na udongo wa mizizini, usiutie kwenye mboji, safisha kisu kwa spiriti, na usirudishe hapo nyanya, viazi mviringo, biringanya wala pilipili.

Mbuzi wametafuna gome kuzunguka shina lote, lakini majani ni mazima. Mti utapona?

Usidanganywe na majani. Zailemu iko ndani kwenye mbao, hivyo maji yanaendelea kupanda. Kilicholiwa ni floemu, iliyo upande wa ndani wa gome, inayopeleka sukari kutoka majanini hadi mizizini. Mizizi huishi kwa akiba yake, kisha hufa njaa na mti huifuata. Ukanda wa gome ukibaki umeunganisha juu na chini, matumaini yapo.

Kitako cha nyanya kinaoza cheusi ingawa nilitia chokaa. Kwa nini?

Kitako huoza tunda likikosa kalsiamu, madini yaliyomo kwenye chokaa. Kalsiamu husafiri na maji ya zailemu. Kwenye floemu haipiti ila kidogo mno. Majani hupoteza maji mengi, hivyo huipata nyingi. Tunda hupoteza machache. Ukimwagilia leo sana na kuacha siku nne, tunda ndilo linalokosa. Mwagilia kwa kiasi kilekile, weka matandazo ya sentimita 5 hadi 8, punguza naitrojeni. Kunyunyizia majani hakusaidii sana, kwani kalsiamu haitoki jani kwenda tunda.

Majani ya chini ndiyo yanayogeuka njano kwanza. Ni madini gani?

Mara nyingi naitrojeni au magnesiamu: mmea huyahamisha kwa floemu kutoka majani ya zamani kwenda machanga. Njano ikianzia juu, fikiria chuma, kisichohamishika kirahisi.