Ratiba Sikupi, Mwalimu

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Ujiji, Kigoma, nina miaka 36 na watoto watatu. Nafundisha darasa la saba, ndimi mwalimu wa taaluma wa shule, tena ni mweka hazina wa kikoba chetu cha wanawake 30. Jioni nina masomo ya ziada, Jumamosi nafunga dagaa wa kupeleka Dar es Salaam, usiku nasoma shahada Chuo Kikuu Huria. Mama yangu yuko Kasulu, ana presha, kliniki yake naifuatilia mimi kwa simu. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa, Kibirizi. Mbalamwezi ikiingia anakaa nyumbani siku zote hizo, analala na kushona nyavu, mimi nakimbia.*

*Tangu Januari niliamua kujiboresha. Naamka saa tisa usiku, nasali, nasikiliza mafunzo ya mafanikio kwenye simu, naandika malengo. Ninayo 21. Badala ya kupanda, nashuka. Nasahau mambo. Juzi nilipitiliza kituo changu, nikashtuka niko Mwanga. Kijiko kilianguka jikoni, nikalia. Na wiki iliyopita mtoto mmoja aliniuliza swali la sehemu kwa mara ya tatu, nikamjibu, "Hata ukifeli, mimi inanihusu nini?" Darasa zima likanyamaza. Sijawahi kuwa mwalimu wa namna hiyo. Nimekosea wapi? Naomba unipangie ratiba nzuri zaidi.*

*Mwalimu, Ujiji*

Marahaba, mwanangu. Ratiba sikupi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu. Nimehesabu kazi tisa, na kupika hukukutaja kabisa, wakati najua hapo kwenu hamli hewa. Mtu mwenye kazi tisa hapangiwi ratiba. Hiyo ni foleni, na foleni hata uipange vipi, watu ni walewale.

Kilichonisimamisha si dagaa wala shahada. Ni lile neno ulilomwambia mtoto. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu wa kazi uliopitiliza kuwa ni hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usiopatiwa dawa. Halikuuita ugonjwa. Lilitaja alama zake tatu: nguvu kwisha, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na mtu kuona hafanyi lolote la maana. Sasa rudi kwenye barua yako. Kijiko ndiyo ya kwanza. "Inanihusu nini" ndiyo ya pili. "Badala ya kupanda, nashuka" ndiyo ya tatu. Umeniandikia zote kwa mkono wako.

Mwanasaikolojia aliyeuandikia uchovu huu mwaka 1974, Herbert Freudenberger wa New York, aliuona kwa watu waliojitolea kwenye kliniki ya bure, naye mwenyewe alikuwa mmoja wao: mchana kazi yake, usiku kliniki. Wavivu hawaupati. Wanaoupata ni wale ambao kila mtu akiwa na shida husema, "Mwite mwalimu."

Kiswahili chetu nacho kinatuponza kidogo hapa. Tunasema "nimechoka" kwa mtu aliyetoka kulima, kwa mtu aliyefilisika, na kwa nguo iliyopauka. Neno limefanya kazi nyingi mpaka lenyewe limechoka, na anayelisema kwa dhati hasikiki. Ndiyo maana nakuamini wewe uliyesema kijiko.

Umekosea wapi? Uliudhani uchovu kuwa uzembe. Ukaenda kutafuta dawa ya uzembe, ukaipata kwenye simu, ukaimeza. Hesabu mwenyewe. Anayesoma shahada usiku halali kabla ya saa tano. Saa tano mpaka saa tisa ni saa nne, na mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Hao wanaokuhubiria kuamka saa tisa, sijui nyumbani kwao nani anachota maji. Kujiboresha kwako kumegeuka kuwa mzigo wa tisa, tena ndio mzito kuliko yote, kwa sababu mingine ukiishindwa unalaumiwa na watu, huu ukiushindwa unajilaumu mwenyewe.

Mimi nilikuwa mkunga miaka 27. Kuna mwaka tulibaki wawili zahanati nzima. Asubuhi moja nilimwandika mtoto mmoja kwenye daftari mara mbili kwa majina mawili, nikaanza kumtafuta wa pili. Namtafuta kweli, naangalia chini ya vitanda. Mama mmoja mtu mzima, aliyemsindikiza binti yake, akanishika mkono akasema, "Nesi, aliyepotea ni wewe." Nilikasirika. Nikaenda kulala kwenye benchi la nje kwa muda wa saa mbili, na nilipoamka mtoto alikuwa mmoja.

Sasa tuje kwa baba watoto. Umemlalamikia, na sehemu ya malalamiko yako ni ya haki, nitaifikia. Lakini mimi namwona mtu mwenye kitu ambacho wewe huna. Wavuvi wa dagaa wa ziwa letu huingia majini usiku wa giza. Zamani kwa karabai, siku hizi kwa taa za betri na za sola, lakini kazi ni ileile: mwanga unawakusanya dagaa, wavu unapandishwa. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima lina mwanga, taa ya mtu haina kazi. Mvuvi anaweza kuwa na nguvu, ana mafuta, ana madeni, na bado anavuta mtumbwi nchi kavu. Hakuna anayemwita mzembe. Na hizo siku hazikai bure: nyavu zilizochanika zinashonwa wakati huo, kwa sababu usiku wa giza hakuna anayeshona.

Mwaka 2024 Serikali ilienda mbali zaidi, ikasimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Sitakupamba hapa, wewe ni mke wa mvuvi, unajua mifuko ilivyokauka. Kupumzika kuna gharama, na anayekwambia ni bure anakudanganya. Lakini ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470 limeonekana linaweza kuchoka likahitaji kuachwa. Wewe kina chako ni kiasi gani?

Kwa hiyo fuata mwezi wa mumeo. Siku za mbalamwezi ziwe za nyumba yenu nzima, si zake peke yake. Siku hizo masomo ya jioni hushiki, vitabu vya shahada hufungui, unalala mapema. Na haki yako niliyosema nitaifikia ni hii: siku hizo yeye ndiye anayepigia simu Kasulu kuuliza dawa za mama, yeye ndiye anayefunga dagaa. Kwani dagaa anamjua nani kumzidi yeye? Watoto wa mvuvi wanaweza kupikiwa migebuka na baba yao, ziwa halitakauka. Mama mkwe akipita akakuta mwanawe kashika mwiko, mwamkie kwa heshima zote, mkaribishe kiti, umwache aseme. Mimi ni mama mkwe wa watu wawili. Huwa tunasema, kisha tunakula.

Ila usimwambie kwa hasira saa nne usiku. Kaa naye mchana, taja kazi, taja siku. "Nisaidie" ni neno pana mno, mwanamume hupotea humo. "Jumamosi hii wewe funga dagaa, mimi nalala mpaka saa tatu." Hilo linashikika.

Sasa mizigo mingine. Chukua karatasi, si simu, uandike kila kitu kinachokuzunguka kichwani, mpaka deni la chumvi dukani. Mama ntilie pale sokoni anakumbuka sura ya kila asiyelipa, aliyelipa kashamsahau. Kichwa kinafanya hivyohivyo, na mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik aliliandikia jambo hilo mwaka 1927: kazi iliyokatizwa hukumbukwa kuliko iliyokwisha. Kusahau kwako kituo cha kushuka si uzee, ni wateja wengi wasiolipa. Ukiandika, wanapungua kelele. Fanya hivyo kila jioni, dakika kumi, kisha funga daftari. Yale malengo 21 yachane. Najua inauma, na najua mengine ni mazuri. Mazuri yatarudi yenyewe.

Kwenye hiyo karatasi utaona kazi ambazo zingekwenda hata ungehamishiwa Kibondo kesho. Kikoba ni mojawapo. Waswahili wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: wale wanawake 29 hawakuonei, ila wanaona vitabu vyepesi kwa sababu havijawahi kuwa mikononi mwao. Rudisha, lakini rudisha kwa adabu. Usitume ujumbe kwenye kundi la WhatsApp halafu ukazima simu, watasema hela imeliwa. Funga hesabu, nenda kikaoni, weka sanduku mezani mbele yao na useme, "Mama zangu, dada zangu, hesabu hizi hapa, shilingi zote zipo, nimeshika kwa uaminifu na sasa nimezidiwa. Tuchague mwingine, nitamfundisha vikao viwili." Kisha nyamaza. Kutakuwa na kimya kirefu. Usikijaze wewe.

Shahada sikushauri uiache. Angalia kama unaweza kuchukua masomo machache mwaka huu, au uahirishe. Cheti kinangoja.

Kwa mwalimu mkuu nenda na ombi moja tu: mtu wa kushirikiana naye kwenye taaluma, au jioni mbili zisizo na masomo. Umwombe kwa maandishi, kwa upole. Na likizo je? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku zisizopungua 28 mfululizo kwa mwaka. Usimwendee mkuu na sheria mkononi kama mgambo, yeye naye pengine ana kijiko chake. Lakini ijue, ili ukiomba usijione unaomba sadaka.

Kabla ya hayo yote, nenda kapime. Uchovu na kusahau vinaweza kuletwa na upungufu wa damu, malaria, tezi ya shingo au presha, na sisi wanawake wa mkoa huu hatuna haki ya kusema "ni mawazo tu" kabla hatujatobolewa kidole tupimwe damu. Kama usingizi umekukimbia majuma mawili mfululizo, hakuna kinachokufurahisha, au umewahi kuwaza kwamba ni heri usingekuwepo, hapo umevuka mpaka wa barua kwa Shangazi. Hilo la mwisho halingojei majuma mawili, nenda siku hiyohiyo. Panda gari uende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, useme mapokezi kwamba unataka kumwona mtu wa afya ya akili. Sema hivyohivyo, usiseme kichwa kinauma, utapewa panadol.

Nimemwacha mtoto makusudi, kwa sababu ndiye ninayemfikiria tangu jana.

Uliuliza habari ya kujiboresha. Unavyonisimulia, kwako ni kuongeza: saa, malengo, kitabu kingine. Mimi kazi moja tu ya kukua nakupa mwezi huu, nayo haihitaji kuamka saa tisa. Jumatatu, kabla ya kipindi, mwombe yule mtoto msamaha. Usimwite pembeni. Ulimvunja mbele ya darasa, mwinue mbele ya darasa. Mwambie, "Wiki ile nilisema neno baya. Nilikuwa nimechoka, lakini kosa si lako. Kufeli kwako kunanihusu." Kisha chora mkate ubaoni, ukate vipande vinne, umwonyeshe robo ni ipi. Mara ya nne. Akiuliza ya tano, mwambie kesho, na kesho umwonyeshe.

Unaogopa watakudharau. Nimewaona watoto wengi maishani, kuanzia dakika yao ya kwanza, na sijaona anayemdharau mtu mzima aliyemwomba radhi. Huwa wanashangaa, basi. Wakirudi nyumbani watasimulia.

Mbalamwezi ijayo ikiisha na mumeo akarudi ziwani, niandikie. Mistari mitatu inatosha: kama umepima, nani kashika sanduku la kikoba, na yule mtoto alisema nini. Uandike mchana, mwanangu. Nikiona umeandika saa tisa usiku, sijibu.