Ushindi wa Collingwood wa 2022: Bahati au Uwezo?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwaka 2021 Collingwood yetu, timu ya kandanda ya Kiaustralia, ilimaliza ya 17 kati ya timu 18, lakini katikati ya msimu wa 2022 ikashinda mechi 11 mfululizo, nyingi kwa tofauti ya pointi chache tu. Marafiki zangu husema ilikuwa bahati. Je, ni kweli?
Shabiki, Melbourne

JIBU: Ndugu shabiki, bahati ilikuwepo, ila haielezi mechi 11. Katika mchezo huu mpira ukipita kati ya nguzo mbili ndefu timu hupata pointi 6, na ukipita kati ya nguzo ndefu na fupi hupata pointi 1, kwa hiyo timu iliyo nyuma kwa pointi chache inaweza kupindua matokeo kwa teke moja. Ndivyo ilivyokuwa dhidi ya Essendon: king'ora cha mwisho kilikwisha kulia, Collingwood wako nyuma kwa pointi 2, na mchezaji wao Jamie Elliott, akiwa pembeni kabisa karibu na mpaka wa uwanja, akaupitisha mpira katikati. Teke lile nalipenda mpaka leo. Lakini kufika hapo kulihitaji wachezaji waliofundishwa na Craig McRae, kocha aliyekuwa katika mwaka wake wa kwanza, kushambulia bila woga dakika za mwisho. Ni kweli kwamba Sydney waliwatoa katika mechi ya mwisho kabla ya fainali kuu kwa pointi 1. Hata hivyo mwaka 2023 kikosi hicho kilitwaa ubingwa kwa kuifunga Brisbane kwa pointi 4, kwa mtindo uleule.